Vikundi sita, oda moja ya sabuni: uchambuzi wa kisa kutoka Nakivale

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Makazi haya ya wakimbizi yalifunguliwa mwaka 1958 na leo yamegawanyika katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Sokoni Base Camp, Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali wanaelewana kwa Kiswahili, na biashara ndogo zimejaa: cherehani, unga, mkaa wa taka, taulo za kike za kufua, sabuni. Nyingi zilianzishwa kwa nia mbili kwa pamoja, kumpatia mwanachama kipato na kutatua shida ya jirani. Ndizo tunazoziita biashara za kijamii.

Kisa tunachochambua ni cha mfano. Vikundi havina majina, na bei zilizotumika ni za kufanyia hesabu. Lakini matatizo yake ndiyo hasa yanayoangusha mitandao ya aina hii, na yanatokea kwa mpangilio huuhuu.

Vikundi ni sita, kila kimoja kina wanachama wapatao 20, wengi wao akina mama. Vitano ni vya wakimbizi, hasa Wakongo kutoka Kivu, na kimoja ni cha wenyeji Wanyankole wa kijiji cha jirani. Vyote vilianza na boksi la akiba: kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa kila wiki, kugawana mwisho wa mwaka. Wakongo walikuja nalo, kule kwao kikundi cha namna hii kikiitwa AVEC, na kabla yake walicheza likelemba, yaani upatu wa kupokea kwa zamu. Kwa hiyo kutunza fedha za pamoja si jambo walilohitaji kufundishwa. Shirika la kuwezesha lilipokuja, liliwafundisha kutengeneza sabuni, likawapa vifaa vya kuanzia, halafu likawaunganisha kuwa mtandao: mwenyekiti, katibu, katiba ya kurasa kumi na mbili, kundi la WhatsApp, mkutano kila mwezi wenye nauli na soda.

Kisha ikaja oda. Shirika moja la kibinadamu lilitaka vipande 4,000 vya sabuni, kila kimoja gramu 250, kwa shilingi 2,000. Uzito huo una sababu yake: viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani, vinasema kila mtu apate gramu 250 za sabuni ya kuogea kwa mwezi. Mtandao ukashangilia, ukagawa oda mafungu sita yaliyo sawa, kila kikundi kikaenda kupika kwake.

Siku ya makabidhiano mkaguzi wa mnunuzi alikuja na mizani ya jikoni na boksi la karatasi za kupimia pH, kipimo cha ukali wa sabuni. Alichukua kipande kimoja kutoka kila gunia, akakiweka kwenye mizani, akakibonyeza kwa kidole gumba. Cha kikundi cha kwanza kilikuwa gramu 252, kigumu. Cha pili gramu 221. Cha tatu kilibonyea, kidole kikabaki na mafuta. Cha nne kilikuwa kigumu na uzito wake mzuri, lakini karatasi iliyoguswa na povu lake ikageuka rangi hadi kupita 11, wakati sabuni ya kawaida hukaa kati ya 9 na 10. Hadi jioni vilikuwa vimepokelewa vipande 1,300 tu kutoka vikundi viwili. Vilivyobaki vilirudishwa na oda ikafungwa.

Fedha zilikuja baada ya siku 45. Badala ya 2,600,000 zikaingia 2,444,000. Pengo la 156,000 likaleta maneno, na mwezi huo nusu ya wajumbe hawakuja mkutanoni.

Kwa nini sabuni zilitofautiana

Maelezo ya haraka yanayotolewa katika hali hii ni kwamba akina mama hawakuwa makini, waongezewe mafunzo. Si kweli. Walifanya walichofundishwa. Tatizo ni kwamba walifundishwa na wakufunzi tofauti, miaka tofauti, kwa vipimo tofauti, na hakuna aliyewahi kuziweka fomula hizo sita mezani pamoja.

Tuanze na kikundi cha nne, chenye sabuni inayochoma. Fomula yao inasema kilo 20 za mafuta ya mawese na kilo 2.68 za kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Fomula ni sahihi: kila gramu 1,000 za mawese zinahitaji takriban gramu 141 za kostiki safi ili zigeuke sabuni zote, na mpikaji mwenye busara hupunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki na mikono isiungue. Lakini kikundi hakina mizani kubwa. Walinunua jerikeni ya lita 20 wakaihesabu kuwa kilo 20. Mafuta ya mawese ni mepesi kuliko maji. Lita 20 zina uzito wa kilo 18 hivi. Kilo 18 zinaweza kumeza kostiki kilo 2.54 basi, hata bila kuacha mafuta ya ziada. Wao walitia 2.68. Gramu 140 za kostiki zikabaki huru ndani ya kila mkupuo, yaani kila upishi mmoja, na hakuna muda wa kukausha utakaoziondoa zote.

Kikundi cha tatu kilikosea kinyume chake. Walipima mafuta vizuri, lakini kostiki waliinunua kwa kikombe sokoni, kutoka kwenye gunia lililokaa wazi. Kostiki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ukaa pia huila. Kilo moja iliyochotwa kwenye gunia la namna hiyo sehemu yake ni maji na magadi. Mafuta mengi hayakugeuka, ndiyo maana kidole kilizama, na sabuni kama hiyo ikikaa wiki chache huanza kunuka. Kikombe chenyewe nacho ni kipimo kibaya, kwa sababu kostiki ya vipande bapa na ya punje hazijai kikombe kwa uzito uleule.

Kikundi cha pili kilikuwa na sabuni nzuri kabisa. Kosa lao lilikuwa kukata vipande vya gramu 250 siku ya pili baada ya kumimina. Sabuni mbichi ina maji, na ikikomaa wiki nne kwenye chanja hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito. Anayetaka gramu 250 siku ya kukabidhi akate 285.

Kipimo kinachofaa kwa vikundi vyote ni hiki. Mafuta ya mawese kilo 20 kwa mizani. Kostiki ya mfuko uliofungwa, kilo 2.68. Maji safi kilo 5.36, yaani mara mbili ya kostiki. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, polepole, nje penye upepo, kwa glavu na miwani. Ukimwaga maji juu ya kostiki huchemka na kuruka usoni. Chombo kiwe ndoo ya plastiki nzito au chuma kisichoshika kutu. Sufuria za alumini, ambazo ndizo zilizojaa majumbani, zisitumike hata kidogo, kwa maana kostiki huzila na kutoa hewa inayoshika moto. Maji ya kostiki na mafuta yote yapoe hadi uvuguvugu, kisha yachanganywe na kukorogwa mpaka yawe mazito kama uji na kijiti kiache mstari juu yake. Zinatoka kilo 28 za sabuni mbichi, sawa na vipande 98 vya gramu 285. Kwa oda ya 4,000 inahitajika mikupuo 41, saba kwa kila kikundi na mmoja wa akiba.

Anayeusoma mtandao huu kutoka ofisini Kampala anaweza kuona haya ni mambo ya jikoni, hayahusiani na kuunganisha biashara za kijamii. Yanahusiana moja kwa moja. Katiba ya kurasa kumi na mbili haikuwa na mstari hata mmoja unaosema kipande kiwe na uzito gani, na hicho ndicho kitu pekee ambacho vikundi vilihitaji kukubaliana kabla ya kusaini oda.

Mahali mtandao unapolipa

Tufanye hesabu ya oda nzima kama ingekabidhiwa sawasawa. Mafuta kilo 820, karibu jerikeni 46. Kostiki kilo 110, yaani mifuko mitano ya kilo 25. Tuseme mafuta kwa bei ya jumla Mbarara ni 5,000 kwa kilo na mfuko wa kostiki ni 150,000. Malighafi inakuwa 4,850,000. Usafiri, karatasi za kufungia na magunia, 650,000. Mauzo ni 8,000,000, inabaki 2,500,000.

Sasa tuseme kila kikundi kinanunua mafuta peke yake Base Camp, jerikeni mbili mbili, kwa 5,800 kwa kilo. Shilingi 800 mara kilo 820 ni 656,000. Zaidi ya robo ya faida yote imekwenda kwa mchuuzi, na bado hatujagusa kostiki. Ndiyo sababu tunashikilia kwamba kazi ya kwanza ya mtandao ni kununua pamoja. Nembo, tovuti na maonyesho vitasubiri. Kununua pamoja kunaleta pia ubora bila hotuba, kwa sababu mafuta ni yaleyale na kostiki imetoka mfuko mmoja.

Faida hiyo bado inapunguzwa na kodi. Hapa ndipo palipozuka ile 156,000. Nchini Uganda, mnunuzi aliyeteuliwa na mamlaka ya mapato, URA, kuwa wakala wa kodi ya zuio hukata asilimia 6 anapolipia bidhaa au huduma zinazozidi shilingi 1,000,000. Asilimia 6 ya 2,600,000 ni 156,000 kamili. Mwenyekiti hakuwa amekula hata senti. Kwenye oda ya 8,000,000 makato ni 480,000, na kwa kuwa yanahesabiwa juu ya mauzo yote, yanachukua karibu moja ya tano ya ile faida ya 2,500,000. Fedha hiyo haijapotea: mwenye namba ya mlipa kodi huidai katika ritani yake ya mwaka, na anayetimiza masharti anaweza kuomba URA imsamehe makato. Lakini asiye na namba, wala cheti cha makato alichopewa na mnunuzi, hana cha kudai. Kwa hiyo kabla ya oda kusainiwa, hesabu ya mgao isomwe mkutanoni ikiwa na mstari wa asilimia 6, na cheti cha makato kiombwe siku ya malipo.

Baada ya makato hubaki mkononi 2,020,000, kiasi cha 505 kwa kipande. Ukigawa kwa wanachama 120, kila mmoja anapata chini ya 17,000. Tuseme ukweli: oda moja haimtoi mtu kwenye umaskini. Inakuwa na maana ikirudi kila mwezi, na ikiwa fedha hizo hazikatwi tena njiani. Kumtumia kila mwanachama elfu kumi na kitu kwa simu ni hasara: kuna ada ya kutoa, na juu yake kodi ya asilimia 0.5 ya kila kiasi kinachotolewa, iliyowekwa mwaka 2018. Wengine laini zao zimesajiliwa kwa jina la jirani. Njia iliyo safi ni fedha kuingia akaunti ya mtandao, kwenda akaunti ya kila kikundi, kisha kugawiwa mbele ya boksi siku ya kikao, zikihesabiwa kwa sauti.

Siku 45

Mnunuzi mkubwa halipi siku ya kupokea. Vikundi vinahitaji karibu shilingi milioni tano na nusu leo, vitalipwa baada ya mwezi mmoja wa kukomaza sabuni na mwezi na nusu wa kusubiri. Hakuna boksi la akiba linaloweza kubeba miezi miwili na nusu, na kulilazimisha kubeba ni hatari. Ada za shule na matibabu ya wanachama zimo humo. Kikundi kimoja cha kisa hiki kilifungua boksi kwa ajili ya oda ya kwanza. Sabuni iliporudishwa, boksi halikuwa na cha kugawana mwisho wa mwaka.

Hapa ndipo shirika la kuwezesha lina nafasi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuijaza, na ndipo mara nyingi linapokosea. Linatoa ruzuku ya mashine kwa kikundi kimoja, chenye katibu anayeandika ripoti nzuri, na tangu siku hiyo vikundi vitano vinamwangalia wa sita kwa jicho la husuda. Afadhali fedha hizohizo ziwe mfuko wa malighafi unaozunguka. Kikundi hakipewi fedha. Kinapewa kilo 140 za mafuta na kilo 18.76 za kostiki zinazotosha mikupuo saba, kinasaini, na kinadaiwa vipande 686. Malipo ya mnunuzi yakiingia, gharama ya malighafi inakatwa kwanza na kurudi mfukoni, ndipo faida igawanywe.

Mfuko kama huu huliwa na vitu viwili. Cha kwanza ni mkupuo mbaya usiojulikana wa nani. Dawa yake ni namba. Kila kikundi kina herufi, kila mkupuo una namba, na muhuri wa mbao hugongwa kwenye kila kipande kikiwa kibichi: C4 ni mkupuo wa nne wa kikundi C. Daftari la stoo linaonyesha tarehe, uzito wa mafuta, uzito wa kostiki, jina la mpikaji, pH baada ya wiki nne. Mkupuo usiopita unarudi kwa wenyewe, unakatwakatwa na kupikwa upya kwa moto mdogo, mafuta yakiongezwa kama unachoma. Hasara inabaki pale ilipozaliwa, na vikundi vingine havina sababu ya kununa.

Cha pili ni stoo. Mwenye ufunguo akiwa ndugu wa mwenyekiti, maneno hayaishi hata kama hakuna kilichopotea. Katika kisa hiki stoo iliwekwa kwa kikundi cha wenyeji, kando ya barabara, na ufunguo wa pili ukakaa na kikundi cha wakimbizi. Mipango mingi ya wakimbizi Uganda hutaka asilimia 30 ya manufaa iende kwa wenyeji, na mara nyingi sharti hilo hutimizwa kwa kuongeza majina kwenye orodha. Kuwapa wenyeji kazi ambayo mtandao hauwezi kwenda bila hiyo ni jambo jingine kabisa. Mama wa stoo akikataa kupokea gunia lisilo na namba, anayebishana naye anabishana na daftari, na ubishi huo haugeuki wa Mnyankole na Mkongo.

Usajili

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi nchini Uganda kufanya kilimo, viwanda, kazi za mikono na biashara, na kuanzisha kampuni kwa kufuata sheria. Njia iko wazi. Swali ni umbo gani, kwa sababu Uganda haina sheria mahususi ya biashara za kijamii, na kila mshauri atakupa jibu lake.

Kwa oda ya kwanza na ya pili, kikundi kimoja chenye usajili, akaunti na namba ya mlipa kodi kinaweza kusaini kwa niaba ya vyote, ikiwa kuna makubaliano ya ukurasa mmoja yaliyosainiwa na sita: vipimo, mgao, nani anabeba hasara ya nini. Oda zikishakuwa za kawaida, umbo linalofaa zaidi ni chama cha ushirika cha msingi. Sheria ya vyama vya ushirika inataka watu wasiopungua 30, na hapa wako 120. Wajiunge mtu mmoja mmoja. Vikundi kujiunga kama vikundi huacha maamuzi mikononi mwa wenyeviti sita. Kampuni ni rahisi kusajili, ila mwenye hisa nyingi ana sauti kubwa, na hilo linakaribisha mfadhili au mfanyabiashara wa Mbarara kununua mtandao kimyakimya.

Alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, hutakiwa kwa sabuni inayouzwa madukani. Wakaguzi huangalia bidhaa na mahali inapotengenezwa. Majiko sita ni kaguzi sita, na ada zake. Kwa hiyo siku mtandao unapoamua kutafuta alama hiyo, ndiyo siku unapolazimika kuhamia jiko moja lenye sakafu ya saruji, maji na chumba cha kukaushia. Kabla ya hapo, Taasisi ya Utafiti wa Viwanda ya Uganda iliyoko Nakawa, Kampala, ni mahali pazuri pa kupeleka sampuli na watu wawili wa kujifunza. Idara ya kemia ya chuo kikuu cha Mbarara iko karibu zaidi.

Wakati oda haiji

Mashirika mengi ya misaada yanaacha kugawa vitu, na badala yake yanagawa fedha taslimu. Mama aliyekuwa akipewa kipande cha gramu 250 sasa anapewa fedha na anakwenda kuchagua mwenyewe sokoni, ambako mche mrefu wa kiwandani unakatwa kwa kisu kulingana na shilingi alizonazo. Mtandao unaomtegemea mnunuzi mmoja unakufa mwezi huo huo.

Mkupuo uleule wa kilo 28 unaweza kumiminwa kwenye kibao kirefu na kutoa miche ya kilo moja, bila kubadilisha fomula. Wachuuzi wa Base Camp, Juru na Rubondo wanaijua bidhaa hiyo na hawahitaji kuelezwa. Watakachoomba ni mkopo. Miche kumi kwa mchuuzi mara ya kwanza, jina lake kwenye daftari la mama wa stoo, na kumi nyingine akileta fedha za zile za awali, si kabla.